Notepad, zabibu na kiungo cha uongo

Mwaka jana mwenzangu wa chumbani hapa UDOM alibonyeza kiungo kilichoandikwa kama cha mkopo, akajaza alichoulizwa, bumu likaondoka lote. Nilimcheka kidogo, kisha nikajiuliza: mimi ningejuaje?

Jibu nililipata fildi, sekondari moja ya kata wilayani Chamwino. Kompyuta zinazowaka sita, intaneti hakuna. Kidato cha Pili walishakariri sehemu za kompyuta ubaoni bila kuigusa. Nikaona tuanze kwa kutengeneza.

Kinachohitajika ni Notepad na kivinjari, basi. Unaandika <h1>Zabibu za Hombolo</h1>, chini yake <p> na maelezo, unahifadhi kwa jina zabibu.html, unabonyeza mara mbili. Ukurasa huo hapo, bila bando. Wanaodai lazima maabara ya kisasa wakumbuke kuwa tovuti ya kwanza, ya Tim Berners-Lee kule CERN, Uswisi, iliyofika hadharani 1991, ilikuwa maandishi na viungo tu.

Makosa ndiyo yaliyofundisha zaidi. Kundi moja faili lao liligoma, likawa linafunguka Notepad na alama zake zote. Kumbe limeongezewa .txt mwishoni, na Windows imeificha. Nusu ya kipindi ikaishia hapo na wala sijutii, maana tangu siku hiyo waliangalia mkia wa kila faili.

Siku ya tatu tukaingia kwenye kiungo. Kina sehemu mbili: anwani iliyo ndani ya href, ambako ndiko unakopelekwa, na maneno unayoyaona. Si lazima yafanane. Nikawaambia watengeneze kiungo kinachosomeka "Matokeo ya Kidato cha Nne" lakini kifungue zabibu.html. Binti mmoja akabonyeza, akaona zabibu, akanyamaza. Halafu: "Mwalimu, kwa hiyo mtu yeyote anaweza kuandika NECTA akakupeleka kwake?"

Ndiyo. Ukiweka kishale juu ya kiungo bila kubonyeza, anwani halisi hujitokeza chini ya kivinjari. Kwenye simu unakishikilia kidogo. Ruka https://, soma jina hadi mkwaju wa kwanza. La taasisi ya serikali yetu huishia na .go.tz hapo hapo kabla ya mkwaju, si katikati.

Jioni nikampigia mwenzangu nimweleze. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Hii ni ya Kidato cha Pili?"