Pantoni Ikibadilishwa, Vihimili vya Trela Navyo Vibadilishwe



Wenzetu wa tawi moja la mashamba ya miwa kando ya Ziwa Victoria, upande huu wa Uganda, wameniletea swali kupitia kwa katibu wao. Mwajiri amenunua pantoni ndogo iliyokwisha kutumika. Mafundi wameibadilisha ili iweze kuondoa magugu maji kwenye mdomo wa pampu, na sasa ofisi inataka kuagiza trela la kuibebea. Meneja aliwauliza kama wana maoni juu ya trela hilo, nao wakakaa kimya kwa sababu hawakujua waseme nini. Nimeona jibu langu lisibaki katika barua. Mashamba na viwanda vingi vinavyovuta maji ziwani vina vyombo vya namna hii, na watu wanaovipandisha na kuvishusha ni sisi.

Kwa wale walio mbali na maji nieleze kwanza. Pantoni ninayoisema si kivuko kikubwa cha kubeba magari. Ni sakafu bapa iliyofungwa juu ya maboya mawili marefu ya alumini, kila moja kama pipa lililonyooshwa, na mashine ikining'inia nyuma. Zilitengenezwa hasa kwa matembezi ya watu wenye nafasi, wakae juu na familia zao na kivuli. Mwajiri akiipata kwa bei nafuu hung'oa viti na turubai, akaweka mashine ya kuvuta magugu.

Magugu maji yenyewe mnayajua. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na katika Ziwa Victoria yalianza kuonekana mwishoni mwa miaka ya 1980. Upepo ukigeuka usiku mmoja tu, asubuhi mdomo wa pampu umezibwa na shamba zima halipati maji. Kwa hiyo pantoni haikai mahali pamoja. Leo iko pampu ya kwanza, kesho inapakiwa kwenye trela, inavutwa na trekta hadi pampu ya pili. Ndiyo maana jambo la trela si dogo.

Sasa niwaeleze nilikolijua jambo hili. Mwaka 2014, kabla Chama hakijanichukua kazi ya kuzunguka matawi, nilikuwa msaidizi wa fundi wa pampu katika shamba ambalo sitalitaja. Pantoni yetu ilikuja na trela lake la rola, yaani trela lenye magurudumu madogo ya mpira ambayo maboya huteleza juu yake. Lilikuwa zuri kwa chombo kama kilivyonunuliwa. Lakini mafundi walikwisha kulehemu boya la tatu katikati, wakaweka mkanda wa kukokota magugu na injini nzito ya dizeli nyuma kabisa. Trela likabaki lile lile.

Siku hiyo magugu yalikuwa mengi na nyapara alikuwa anafokewa kwa simu. Tukafika juu ya mteremko wa kushushia. Nyapara akamwambia mwenzetu afungue mkanda wa winchi hapo hapo juu, tusipoteze wakati. Kwenye rola hakuna kinachoshika chombo isipokuwa mkanda huo. Pantoni ikaondoka yenyewe kabla trela halijagusa maji. Mwenzetu alikuwa ubavuni. Mguu ulivunjika mahali pawili chini ya goti, na mpaka leo anatembea kwa fimbo.

Ofisi iliandika: uzembe wa mfanyakazi. Tulihangaika miezi mingi kupata fidia yake. Hapa nitaje jambo ambalo wengi hawalijui: Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 hapa Uganda inasema fidia hulipwa hata ikiwa ajali imetokana na uzembe wa mfanyakazi mwenyewe. Neno lile la ofisi halikuwa na nguvu waliyodhani linayo, ila sisi tulichelewa kujua. Mimi niliishia darasa la saba, na sheria ile nilisomewa na mwanachama mwenye elimu kunizidi, tukiwa chini ya mwembe.

Basi, turudi kwenye swali. Chini ya pantoni huwekwa vihimili vya namna tatu.

Namna ya kwanza ni trela jembamba linaloingia katikati ya maboya mawili na kunyanyua chombo kwa boriti za sakafu, kama mkasi unaofunguka. Ni rahisi, jepesi, na halihitaji maji ya kina. Lakini kama pantoni imeongezwa boya la katikati, trela hili halina pa kupita. Nimeona mwajiri aliyeagiza la namna hiyo kwa sababu orodha ya muuzaji ilisema ni la pantoni. Lilipofika likabaki uani, kuku wanatagia humo. Hata kwa maboya mawili, trela hili ni jembamba na chombo hukaa juu sana, kwa hiyo kwenye barabara zetu za shambani zenye makorongo huyumba.

Namna ya pili ni rola, ambazo nimekwisha kuzisema. Ubaya wake si kuteleza tu. Ukuta wa boya la alumini una unene wa milimita 2 hadi 2.5 hivi. Chukua chombo cha kilo 1,800 ukiweke juu ya rola 12. Kila rola imebeba kilo 150, sawa na mifuko mitatu ya saruji, na inagusa boya mahali padogo kama kiberiti. Hiyo ni pale trela limesimama. Likiruka shimo, uzito huo unapiga kama nyundo. Maboya yetu yalikuwa na mabonde kila mahali palipokuwa na rola, na kwenye maungio ya kulehemu yakaanza kuvuja.

Namna ya tatu ni mbao za kulalia. Ni mbao ndefu zilizolazwa kufuata urefu wa boya, mbili kwa kila boya, moja kila upande wa mkuku, hata boya likakaa katikati yake kama mtoto katika mbeleko. Uzito unaenea urefu wote. Mbao hushika chombo, hakiondoki hovyo. Kwa pantoni iliyobadilishwa na kuongezewa uzito, mimi nasema mbao, wala sina wasiwasi.

Hata hivyo tusifiche upande wa pili, maana meneja atautoa. Mbao zinataka trela liingie majini zaidi mpaka chombo kielee. Na watu wakiingia ziwani mpaka kifuani kukiongoza chombo, wanapata kichocho. Ni kweli, na kichocho si mzaha, ingawa dawa yake ipo. Hoja hii ndiyo iliyotumiwa kwetu kutetea rola. Jibu lake ni nguzo za kuongozea. Ni mabomba mawili yaliyosimamishwa nyuma ya trela, kulia na kushoto, yenye urefu wa kuonekana juu ya maji. Dereva wa pantoni anaingia katikati yake mwenyewe, mtu wa winchi anasimama pakavu mbele, na hakuna anayelowa zaidi ya magoti. Hizo nguzo ni mabomba ya kawaida tu, fundi wa karakana anaweza kuzilehemu kwa siku moja. Ofisi ikisema hakuna fedha za nguzo, waulizwe bei ya mguu.

Mbao zikikubaliwa, kazi haijaisha, kwa sababu chombo kilichobadilishwa hakina vipimo vya kitabu. Pimeni wenyewe.

Kwanza uzito. Shamba la miwa lina mizani ya kupimia malori, kwa nini tubahatishe? Azimeni trela lolote linaloweza kubeba, mpime likiwa tupu na likiwa na pantoni, tofauti ndiyo uzito wa chombo. Pimeni kikiwa na mafuta, minyororo, na vifaa vyote kama kinavyosafiri. Magugu yaliyobaki sakafuni yaondolewe kabla ya safari, kwani sehemu kubwa ya gugu maji ni maji matupu. Fungueni pia vizibo vya maboya mwone kama kuna maji ndani. Boya lenye kipenyo cha sentimita 60 lina nafasi ya lita 280 hivi kwa kila mita moja ya urefu, na kila lita ni kilo moja. Boya lililovuja robo tu linaweza kuvunja trela ambalo kwa karatasi linatosha.

Pili urefu. Mbao lazima zifike mpaka mwisho wa maboya nyuma, chini kabisa ya injini. Hapa ndipo makosa mengi hufanyika. Fundi anakata mbao kwa urefu wa trela wala si kwa urefu wa boya, injini inabaki ikining'inia hewani, na kila shimo la barabara linavuta maungio ya nyuma. Baada ya miezi michache ufa unatokea, na mafundi wanamlaumu dereva.

Tatu boya la katikati. Mara nyingi hulehemiwa chini kidogo kuliko yale ya pembeni. Mbao zote zikiwa sawa, uzito wote utalala juu ya boya la kati, na ya pembeni yatakuwa mapambo. Kuna njia rahisi ya kujua. Pakeni chaki juu ya mbao zote, shusheni pantoni polepole kwa jeki au kwa kreni ya karakana, kisha inueni tena. Pale palipofutika ndipo panapobeba. Mbao ambayo chaki yake haijaguswa iinuliwe kwa vipande chini yake mpaka ifutike kama nyingine. Angalieni pia kama mafundi wamelehemu mapezi au vyuma vingine chini ya maboya, mbao zisije zikakanyaga hapo.

Nne uzito wa mbele. Injini ikihamishwa nyuma, ulimi wa trela unakuwa mwepesi, hata trela linataka kunyanyua trekta. Kwenye mteremko wenye tope matairi ya nyuma ya trekta hupoteza nguvu na vyote vinakwenda ziwani pamoja. Kwa matrela ya mashua watengenezaji wengi wanataka ulimi ubebe sehemu 5 hadi 10 katika kila 100 ya uzito wote. Mizani ile ile itawaambia. Pimeni trela lote likiwa limefunguliwa kutoka kwa trekta, kisha lifungeni, mpime magurudumu yake tu huku trekta likiwa nje ya mizani. Kilichopungua ndicho kilichoko kwenye ulimi. Kikiwa kidogo, pantoni isogezwe mbele pamoja na nguzo ya winchi, au ekseli irudishwe nyuma.

Kuhusu mbao zenyewe, epukeni zile za kijani zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa. Nyingi zina shaba ndani ya dawa, na shaba ikikutana na alumini penye maji, alumini inaliwa taratibu. Mvule mkavu unafaa bila dawa. Juu yake kwetu tulifunga vipande vya mkanda chakavu wa mpira kutoka kiwandani, na vichwa vya bolti vikazamishwa ndani ya mbao visichane boya. Bolti ziwe za chuma kilichopakwa zinki.

Na mkanda wa winchi haufunguliwi mpaka maji yafike chini ya maboya, awe amesema nani. Hili liandikwe kwa rangi kwenye nguzo ya winchi, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine zinazosemwa na wafanyakazi wa hapo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inatambua kamati za usalama mahali pa kazi. Wenzetu waombe kwamba trela lisiagizwe mpaka kamati imeona vipimo, na majina ya waliopima yaingizwe katika kumbukumbu za kikao. Siku chombo kikianguka, ofisi isitafute tena neno uzembe kwanza.

Katibu wa tawi, usiende kwa meneja na maneno matupu. Nenda na karatasi yenye uzito wa chombo, urefu wa kila boya, kipenyo chake, na tofauti ya kimo kati ya boya la kati na ya pembeni. Ukikosa mtu wa kukusaidia kupima, nipelekee habari kwa dereva wa lori la Jumamosi. Nitakuja na kamba na chaki.