Ukichagua chuo cha udaktari, hesabu vitanda

Majibu ya udahili yakitoka, kuna nyumba za Engutoto, hapa Arusha, ambazo furaha yake haimalizi siku mbili. Mtoto aliyesoma PCB ameitwa udaktari wa binadamu, tena si chuo kimoja, ni viwili, pengine vitatu. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) huweka hadharani majina ya waliodahiliwa zaidi ya mahali pamoja. Mwombaji hupata namba ya siri kwa simu au barua pepe, na kwa namba hiyo anathibitisha chuo kimoja kabla dirisha halijafungwa. Hapo kikao cha familia kinaanza. Baba anataka Muhimbili kwa sababu ya jina. Mama anataka KCMC kwa sababu Moshi ni kama kilomita 80 tu na mtoto atakuja kula nyumbani Jumapili. Mjomba wa Mwanza ameshapiga simu kusema Bugando ipo na chumba kipo. Mtoto mwenyewe anataka Dar es Salaam, kwa sababu zisizosemeka mbele ya wazazi.

Zamani kikao hicho hakikuwepo. Hadi 2016 mwombaji alipanga vyuo anavyovitaka katika mfumo mmoja wa TCU, nao ukampangia kimoja. Kuanzia mwaka wa masomo 2017/18 maombi yanapelekwa chuoni moja kwa moja, kila chuo kinachagua wake, na mwenye alama nzuri anaweza kugombewa. Udahili ukawa soko. Vyuo hupanga mabanda viwanja vya Mnazi Mmoja kwenye maonesho ya TCU na kumwaga vipeperushi vyenye picha za vijana waliovaa makoti meupe na shingoni stetoskopu mpya. Mnunuzi ni familia, na mnunuzi mwerevu hujua anachonunua kabla ya kuuliza bei.

Wengi hudhani wananunua jina. Kwa udaktari, nadhani wanakosea. Shahada yenyewe (MD) ni miaka mitano, ikifuatiwa na mwaka mmoja wa utarajali. Miaka miwili ya mwanzo ni ya darasani na maabara, na masomo hayo yanaweza kufundishwa vizuri popote penye mwalimu mzuri, hadubini za kutosha na maiti za kujifunzia. Kuanzia mwaka wa tatu mwanafunzi anaingia wodini, na hapo mwalimu mkuu ni hospitali. Watu wa Arusha hawahitaji kuelezwa sana jambo hili. Kijana anayetaka kuongoza watalii anaweza kukariri majina ya ndege wote wa maziwa ya Momella, lakini hakuna mwenye kampuni atakayemkabidhi gari la wageni mpaka awe amekaa porini na mkubwa wake. Daktari naye huiva kwa kumgusa mgonjwa, kuandika historia yake, kusimama raundi na kuulizwa swali asilolijua mbele ya wenzake.

Kwa hiyo hesabu ya kwanza ni vitanda. Muhimbili, yenye vitanda vipatavyo 1,500, ndiyo kubwa kuliko zote, na jirani yake zipo Taasisi ya Mifupa (MOI) na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Bugando ina zaidi ya vitanda 900 na hupokea wagonjwa wa Kanda ya Ziwa. KCMC ina zaidi ya 600 na ndiyo rufaa ya Kilimanjaro, Arusha, Manyara na Tanga. Lakini idadi ya vitanda bila idadi ya wanafunzi haisemi kitu. Muhimbili wagonjwa ni wengi, vivyo hivyo wanaowazunguka: wanafunzi wa MD, wauguzi, wafamasia, watarajali na madaktari wanaosomea ubingwa. Mwanafunzi wa mwaka wa nne anaweza kuona upasuaji ambao mwenzake wa mkoani hatauona kamwe, ila akauona kwa kuchungulia juu ya mabega ya watu sita. Katika hospitali ndogo yenye wanafunzi wachache atakosa upasuaji wa moyo, lakini atazalisha, atashona, atatundika dripu na kuitwa usiku wa manane. Ifakara, ambako Chuo Kikuu Kishiriki cha Mtakatifu Francis kinafundishia katika hospitali ya jina hilohilo, ni mfano wa upande huo. Ni mbali na Arusha, joto lake si la watu wa Meru, na malaria yake imewaleta watafiti wa Uswisi tangu miaka ya 1950.

Chuo kisicho na hospitali yake, au chenye hospitali ndogo kuliko idadi ya wanafunzi, hukodi nafasi hospitali za serikali. Si dhambi. Ila mwanafunzi huyo anaingia wodi ya watu kama mgeni, na foleni ya wageni ni ndefu. Hata chuo kikubwa hakijasalimika. Hospitali ya Mloganzila ilijengwa kwa mkopo wa Korea Kusini iwe ya kufundishia ya Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS), ikafunguliwa 2017, na mwaka uliofuata usimamizi wake ukahamishiwa Hospitali ya Taifa ya Muhimbili.

Soko lenyewe ni changa kuliko watu wanavyofikiri. Kabla ya Uhuru, Mtanganyika aliyetaka udaktari alikwenda Makerere, iliyoanza kufundisha fani hiyo 1924. Shule ya udaktari ya Dar es Salaam ilifunguliwa 1963, ikawa kitivo cha chuo kikuu 1968, na MUHAS kamili 2007. Kwa zaidi ya miaka 30 ilikuwa peke yake nchini. Kisha zikafika zile za binafsi na za makanisa: Chuo Kikuu cha Kumbukumbu ya Hubert Kairuki pale Mikocheni, na chuo cha KCMC kilichoanza 1997 juu ya hospitali ya kanisa iliyofunguliwa 1971. Bugando ilifuata 2003. Serikali nayo ikaongeza Dodoma, Mbeya na Zanzibar. Si kila duka lililofunguliwa lilidumu na bidhaa nzuri. Mwaka 2017 TCU ilivizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya baada ya ukaguzi, vya afya vikiwamo. Mzazi asiyeangalia kama programu ina ithibati ya sasa anaweka ada yake rehani.

Sasa bei. Ada ya MD katika chuo cha umma haifiki hata nusu ya ile inayotozwa na baadhi ya vyuo binafsi. Tofauti hiyo izidishe mara tano, kwa kuwa ada hailipwi mwaka mmoja. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HESLB) imeweka fani za afya katika kundi la kipaumbele, lakini mkopo wa ada una ukomo, na anayekwenda chuo cha gharama kubwa hujazia kutoka mfukoni. Bumu, yaani fedha ya kujikimu, lilipandishwa 2022/23 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku, na haliangalii mji. Elfu kumi ya Moshi na elfu kumi ya Upanga hazifanani hata kwa ndizi. Anayepanga chumba mtaani Dar es Salaam na kupanda daladala mbili kwenda hospitali atalijua hilo kabla ya Krismasi.

Kwa nyumba za Arusha kuna jambo jingine ambalo sijaliona kwenye vipeperushi: msimu. Fedha ya utalii huingia zaidi kati ya Juni na Oktoba. Mwaka wa masomo unafunguliwa Oktoba au Novemba, msimu unapokatika. Kwa dereva wa watalii, mpishi wa kambi au mwenye duka la vinyago, awamu ya kwanza ya ada hulipika bila taabu kubwa. Awamu ya pili ndiyo humkuta Machi au Aprili, mvua za masika zimeanza, magari yamepaki na simu za ofisini haziiti. Mkulima wa kahawa wa Meru ana kalenda yake, nayo haijawahi kupatana na ya mhasibu wa chuo. Kabla ya kuthibitisha chuo binafsi, muulize mhasibu kama ada inalipika kwa awamu nne, na aliyechelewa awamu ya tatu anazuiwa mtihani au anasikilizwa. Wengine huuza kiwanja. Mwaka 2020 utalii uliposimama, waliokuwa wametegemea msimu unaofuata walijifunza kwamba mkopo wa Bodi, pamoja na usumbufu wake, hautegemei ndege za Ulaya.

Mkopo huo hurudishwa. Tangu 2016 mnufaika aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara, kutoka asilimia 8 ya awali. Unafuu ulikuja 2021, tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilipofutwa. Na kwa waliofanya vizuri sana kidato cha sita, ufadhili wa Samia ulioanza 2022 hauna marejesho. Mwenye sifa hizo asithibitishe chuo chochote kabla ya kujua jibu lake.

Halafu kuna mawakala wa nje ya nchi. Wanatangaza China, India na Ulaya Mashariki kwa bei ambazo wakati mwingine hukaribia za vyuo binafsi vya hapa, na huo ndio mtego wao mtamu. Februari 2022 wanafunzi wa Kitanzania waliokuwa wakisomea udaktari Ukraine walikimbia vita wakiwa na mabegi mgongoni. Aprili 2023 ikawa zamu ya waliokuwa Sudan. Vita haitabiriki, tuiache. Lugha inatabirika: ukishafika mwaka wa nne, mgonjwa wa huko hazungumzi Kiingereza cha mhadhara, na mwanafunzi asiyemwelewa hujikuta mtazamaji. Anayekwenda nje anahitaji hati ya TCU ya kutokuwa na pingamizi, na akirudi anakutana na mitihani ya Baraza la Madaktari Tanganyika. Ndani ya Afrika Mashariki mambo ni mepesi kidogo. Jumuiya, ambayo makao yake yako hapahapa mjini Arusha, ina utaratibu wa mabaraza ya udaktari ya nchi wanachama kukagua vyuo kwa pamoja, ili daktari wa Kampala atambulike Dodoma.

Linabaki swali la mwisho wa soko: nani anamnunua daktari? Mwajiri mkubwa ni serikali, na ngazi yake ya mshahara haiulizi ulisoma wapi. Aliyetoka Muhimbili na aliyetoka Ifakara, wakipangiwa halmashauri moja, huanza na mshahara ule ule. Ndiyo maana sioni mantiki ya familia kuuza shamba kwa ajili ya jina. Wala ajira si ya papo kwa papo. Mwaka 2017 Tanzania ilikubali kuipelekea Kenya madaktari 500 baada ya mgomo wa huko. Mahakama ya Kenya ilipozuia mpango huo, Rais Magufuli aliwaajiri 258 kati ya walioomba. Yaani walikuwepo mtaani, wameshahitimu, wakisubiri. Hadi leo wapo wanaojitolea hospitali za mikoa kwa nauli tu.

Hukumu yangu, kwa atakayeihitaji, ni hii. Mwenye Muhimbili na mkopo mnono, mwenye ndoto ya ubingwa bobezi na asiyeogopa kusukumana, aende Dar es Salaam. Mwenye Muhimbili na KCMC mkononi, anayetaka kurudi kufanya kazi Kaskazini, asione aibu kuchagua Moshi kama pengo la ada linazibika: atawajua wagonjwa wa Longido na Karatu kabla hajaajiriwa, na mabingwa watakaompokea rufaa zake watakuwa walimu wake. Bugando na Dodoma ni chaguo zuri kuliko sifa zinazotolewa vijiweni Arusha. Chuo binafsi kisichoweza kukuonesha hospitali yake, kikatae hata kikikupunguzia ada.

Na kabla ya kuingiza ile namba ya siri, panda basi uende huko. Usianzie ofisi ya udahili. Nenda kantini ya hospitali saa nane mchana, mtafute mwanafunzi wa mwaka wa nne mwenye koti lililochakaa, mnunulie soda, umuulize amezalisha akina mama wangapi kwa mikono yake mwenyewe. Akikujibu kwa idadi, endelea kumsikiliza.