Mtoto wa Panga ya Saidi

Mifupa ya waliotutangulia, kwa mwenye ilimu ya kuidurusu, ni shahada iliyo wazi: meno huarifu umri na maradhi ya utotoni, na uti wa mgongo huarifu uzito wa kazi. Katika pango la Panga ya Saidi, kaskazini ya Mombasa, alizikwa yapata miaka 78,000 iliyopita mtoto wa miaka 2 na nusu hadi 3, ambaye mifupa yake ilikuwa dhaifu hata wataalamu wakaitoa pamoja na udongo wake, imefunikwa kwa plasta. Ilibainika kuwa alilazwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kifuani, na kichwa, kwa dhana yenye nguvu, kimeegemezwa mto uliokwisha kuoza. Basi watu wale, wasioacha hata herufi moja, waliwahurumia na kuwastahi wafu wao.