KUFUNDISHA CHINA: KABLA HUJAPANDA NDEGE, ULIZA HERUFI Z!

Vijana wa Arusha wakikaa kijiweni, iwe Ngarenaro, Sakina au Kijenge, stori za majuu hazikosekani. Zamani ilikuwa London na Marekani tu, siku hizi China nayo imo. Na safari inayowatoa wengi udenda si ile ya kufuata mzigo Guangzhou, bali ya kwenda kushika chaki: mwaka mmoja unafundisha sekondari ya Wachina, nyumba unapewa, tiketi unarudishiwa, ukirejea wewe ndiye bosi wa mtaa.

Tamu, siyo? Sasa tulia, mpenzi msomaji, kuna mambo ya kujua kwanza.

HERUFI MOJA TU

Dili zima liko kwenye viza. Ya kazi inaitwa Z. Ya masomo ni X, ya matembezi ni L, ya biashara ni M. Ukimsikia mjanja wa mjini anakwambia, "Wewe nenda na L, mengine tutamalizana hukohuko," shtuka!

Sheria ya China iliyoanza kutumika Julai 1, 2013 haina mchezo. Mgeni anayefanya kazi bila kibali hupigwa faini ya yuan 5,000 hadi 20,000, na kosa likiwa zito anawekwa ndani siku 5 hadi 15. Anaweza pia kurudishwa kwao. Hapo ndoto yote imeyeyuka, na deni la nauli linakusubiri nyumbani.

Njia halali iko hivi: shule inakuombea kwanza taarifa ya kibali cha kazi. Ukishaipata karatasi hiyo ndipo unakwenda ubalozi wao Dar es Salaam kuomba Z. Ukifika China, unaomba kibali cha ukaazi ndani ya siku 30. Shule ikianza kupiga chenga kuhusu karatasi hiyo, achana nayo.

KIINGEREZA CHAKO JE?

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Utaratibu ulioenea nchi nzima tangu Aprili 2017 unataka digrii, uzoefu wa miaka 2 na rekodi safi ya polisi. Mwalimu wa lugha, kwa kawaida, anatakiwa afundishe lugha yake ya kuzaliwa. Sasa wewe mtoto wa Usa River, hata ukikimwaga Kiingereza kama maji, pasipoti yako ni ya Tanzania!

Usikate tamaa. Sharti hilo la lugha halimhusu mwalimu wa hesabu au fizikia, na zipo shule zenye madarasa ya kimataifa yanayofundisha masomo hayo kwa Kiingereza. Mwenye shahada ya ualimu yuko pazuri kuliko aliyesomea mambo mengine. Ila usitegemee sana vituo vya tuisheni. Serikali yao ilivibana vikali Julai 2021.

DARASANI KUKOJE?

Sekondari ya juu ni miaka 3, na kila kitu kinaelekea kwenye gaokao, mtihani wa kuingia chuo kikuu unaoanza Juni 7. Wanafunzi wanasoma tangu asubuhi hadi usiku. Mwalimu mgeni mara nyingi hupewa kipindi cha mazungumzo tu, kwa hiyo mtoto aliyechoka anaweza kukusinzilia. Usimwone hana adabu.

Wasap imefungwa huko, wenyewe wanatumia WeChat. Saa 3 usiku Arusha, kwao ni saa 8 usiku, hivyo mchumba mpange mapema muda wa kupigiana. Na kama unalalamikia baridi ya Arusha ya Juni, jua kwamba Januari Beijing maji yanaganda!

FAIDA IKO WAPI?

Mshahara utaisha, lugha itabaki. Wachina walianza kusomesha Kiswahili vyuoni kwao Beijing tangu miaka ya 1960. Walijua watakuja kuongea nasi. Arusha ni mji wa watalii, na wageni wa kutoka China wanapanda magari kwenda Serengeti na Ngorongoro. Kijana aliyetumia mwaka wake kujifunza Kichina, badala ya kujifungia chumbani na Watanzania wenzake, akirudi ana cha kuuza.

Kwa hiyo karatasi zikikamilika, nenda kachape kazi. Zisipokamilika, subiri. China haikimbii, na Mlima Meru upo palepale.