Shingo ya Bata Bukini na Kazi Zake

Mtu akimtazama bata bukini, aona shingo yake yapanda juu, kisha yajipinda, ndipo kichwa kikaelekea mbele na chini. Mafundi wa Ulaya na Marekani waliliona umbo hilo, wakavipa jina lake vyuma na mabomba mengi yaliyopindwa namna ile. Jina ni moja, lakini kazi ni mbalimbali. Katika habari hii twaeleza kazi nne, maana mtu ajuaye sababu ya kitu hakiharibu kwa ujinga.

Ya kwanza ni baiskeli. Chuma kishikacho usukani hupanda kutoka katika bomba la uma, kisha hujipinda kwenda mbele. Shina lake huingia ndani ya bomba lile, na hukazwa kwa bolti ndefu ivutayo kabari iliyo chini, hata shina likabana sawasawa. Watu wengine wapenda usukani uwe juu sana, nao hulivuta shina mpaka likasalia kidogo tu ndani. Jambo hili lina hatari kubwa. Mashina mengi yana alama iliyochorwa, nayo haifai kuonekana nje. Ikionekana, shina laweza kuchomoka au kukatika wakati wa kuteremka mlima, na mpandaji akasalia na usukani mikononi pasipo gurudumu la kumtii.

Ya pili ni bomba la hewa juu ya tangi la maji. Maji yatokapo katika tangi lililofunikwa, hapana budi hewa iingie mahali pake. Na maji yaingiapo, hapana budi hewa itoke. Lakini mdomo wa bomba ukitazama juu, mvua, vumbi na mavi ya ndege vitaingia. Kwa hiyo bomba hupindwa, mdomo ukatazama chini, ukafungwa kwa wavu mwembamba wa waya. Wavu huo si pambo. Mwaka 1897 huko Bara Hindi, daktari Ronald Ross alivikuta vijidudu vya malaria ndani ya mwili wa mbu; na mbu hutaga mayai yake majini. Basi wavu ukitoboka, tangi la kijiji au la shule laweza kuwa nyumba ya kuzalia mbu.

Ya tatu ni bomba lililo chini ya beseni au choo cha maji. Mwaka 1775 Alexander Cumming, fundi wa saa aliyezaliwa Uskoti, alipata hati ya serikali ya Uingereza kwa choo cha maji chenye bomba lililopindwa kama herufi S. Katika pindo lile maji kidogo husalia daima, nayo huziba njia, hata hewa mbaya ya shimoni isiweze kurudi chumbani. Nyumba ikikaa siku nyingi bila watu, maji yale hukauka na harufu huingia. Dawa yake ni kumimina maji tu, wala si kuvunja sakafu.

Ya nne ni kukokota mizigo. Huko Marekani wafugaji wengi huchukua ng'ombe na farasi katika tela lenye shingo ndefu. Shingo hiyo hupita juu ya mkia wa motakaa, ikashuka juu ya tufe la chuma lililofungwa katika sakafu ya kuchukulia mizigo, karibu na ekseli ya nyuma au juu yake. Sababu yake aijua kila mwenye punda. Mzigo ukiwekwa nyuma kabisa, punda hulemewa na kuyumba. Ukiwekwa mahali pake mgongoni, huenda vema. Kadhalika tela zito likifungwa mkiani, hukandamiza nyuma na kupunguza uzito wa magurudumu ya mbele, ambayo ndiyo yaongozayo. Hata hivyo dereva huhitaji kufunga minyororo ya akiba, na kupinda kona kwa upana, maana tela hukata ndani.

Walimu waweza kuwaonyesha watoto jambo hili kwa kupinda mpira mwembamba na kutia maji ndani yake. Nanyi wazee wa vijiji, utazameni wavu wa tangi lenu kabla mvua hazijaanza, na mwenye baiskeli aitafute ile alama leo. Tahadhari kabla ya hatari.