Nani Waketi Katika Kikao cha Kumlinda Mtoto?

Mtoto aliyepigwa nyumbani huko Gasenyi, Bujumbura, akikutwa usiku na askari wa doria, ulinzi haumaliziki kwa kumfikisha kituoni. Hufuata kikao cha kupanga usalama wake. Waketi nani? Mzazi asiyemdhuru, mwalimu, mganga, mkuu wa mtaa, na askari yule yule aliyemkuta, kwani hali ya usiku ule aijuaye ni yeye. Mtoto awezaye kutoa maoni naye asikilizwe: ndivyo kiagizavyo Kifungu cha 12 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Burundi iliuridhia mwaka 1990. Mshukiwa asiketi mbele yake. Ndugu askari, kiti chenu kikibaki kitupu, mtoto aweza kurudishwa mikononi mwa aliyemwumiza.