Kichwa cha kiraka: sarufi ya mstari mmoja

1. Kiraka ni nini

Fundi cherehani hashoni upya vazi zima kwa sababu ya tundu moja, hutia kiraka. Watunzi wa programu huria, yaani programu ambazo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu kuusoma na kuubadili, wameazima taswira hiyohiyo. Kiraka chao ni faili inayoonyesha mistari ya kuondolewa na mistari ya kutiwa mahali pake. Mwaka 1985 Larry Wall, aliyewahi kusomea isimu, alitoa programu ya kubandika mabadiliko ya namna hiyo, akaiita patch.

Kiini cha Linux, kilichoanzishwa na Linus Torvalds huko Helsinki mwaka 1991, hukua kwa njia hiyo. Toleo jipya hutoka kila baada ya wiki 9 au 10, nalo kwa kawaida hukusanya viraka zaidi ya 10,000.

2. Umuhimu wa kichwa

Kiraka cha Linux hupelekwa kwa barua-pepe kwa msimamizi wa sehemu inayohusika. Kinapokubaliwa, kichwa cha barua hugeuka kuwa mstari wa kwanza wa maelezo yake katika Git, ghala la historia ya msimbo ambalo Torvalds alilianzisha mwaka 2005. Yaliyomo katika mabano ya mraba, kama vile namba ya kiraka katika mfululizo, huondolewa, yaliyobaki hudumu. Iwapo baadaye kiraka kingine kinasahihisha kosa la kile cha kwanza, hukitaja kwa herufi na tarakimu 12 za mwanzo wa kitambulisho chake, pamoja na kichwa chake.

3. Muundo wake

Kichwa kina sehemu mbili zinazotenganishwa na nukta mbili: kwanza jina la sehemu ya programu, kisha muhtasari wa badiliko. Kwa lugha ya wanaisimu, hutangulia kinachozungumziwa, hufuata kinachosemwa juu yake. Muhtasari hauzidi herufi 70 hadi 75, na kitenzi chake huwa katika hali ya kuamuru, kana kwamba msimbo wenyewe unaagizwa ubadilike.

Vichwa vya Linux huandikwa kwa Kiingereza, lakini kanuni yaonekana vilevile katika Kiswahili. Tulinganishe:

(a) Mabadiliko madogo
(b) usb: rekebisha hitilafu
(c) usb: kagua urefu wa data kabla ya kuinakili

Kichwa (a) hakisemi mahali wala tendo. Kichwa (b) chataja mahali, lakini hitilafu ni nyingi. Kichwa (c) chaeleza tendo, na msomaji mzoefu hutambua hata sababu yake: data ndefu kupita kiasi ingeweza kufurika na kuharibu kumbukumbu ya mashine.

4. Madhara ya kichwa kibaya

Kompyuta nyingi hutumia matoleo ya zamani ya Linux. Wasimamizi wa matoleo hayo huchagua, miongoni mwa maelfu ya viraka vipya, vile vinavyofaa kurudishwa nyuma. Kiraka kinachoziba ufa wa usalama kikiitwa “mabadiliko madogo”, chaweza kupitwa bila kufunguliwa, na mashine zikabaki na ufa ambao dawa yake imekwisha kupatikana.

Kichwa pia humpima mwandishi mwenyewe. Akishindwa kukiandika bila kuunganisha vitenzi viwili kwa “na”, mara nyingi kiraka chake kimebeba mambo mawili. Hapo kufupisha maneno hakusaidii. Kanuni ya Linux yataka kila badiliko liwe na kiraka chake.

5. Hitimisho

Kichwa chema humwezesha mtu asiyemjua mwandishi, na pengine anayesoma miaka mingi baadaye, kuamua kama kiraka chamhusu. Mwandishi hayupo kumfafanulia. Mstari ule mmoja ndio unaosema kwa niaba yake.